Gogo Lililooza Si Taka

Ikiwa unasoma Jiografia kama mimi, bila shaka umewahi kukutana na swali hili: taja faida za misitu ya miti laini ya British Columbia huko Kanada. Jibu tunalo kichwani, twaweza hata kulitoa usingizini: mbao, karatasi, nguzo, ajira na fedha za kigeni. Unaandika, mwalimu anatia vema, kwisha! Mimi mwenyewe nimeandika hivyo nikapata alama zote. Lakini siku hizi jibu hilo halinitoshi.

Kasoro yake ni kwamba linauthamini mti siku unapokutana na msumeno tu. Mti ulioanguka wenyewe ukaoza hauna alama katika mtihani. Ati umepotea bure! Maoni yangu ni kwamba hapo tunakosea sana. Katika msitu ule, mti uliokufa hufanya kazi kubwa hata baada ya kuanguka.

Hebu tuutazame. Msitu huo hauishii Kanada. Unafuata pwani ya Pasifiki kuelekea kusini hadi majimbo ya Washington na Oregon, Marekani. Miti yake ina majani membamba kama sindano na mbegu zake hukaa ndani ya koni. Mti uitwao Douglas unaweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Katika bonde la Hoh, jimbo la Washington, mvua hupita milimita 3,000 kwa mwaka, na ardhi imefunikwa na zulia nene la mimea midogo. Mche ukiota hapo chini husongwa ukafa. Sasa utaota wapi? Juu ya gogo, bwana! Miche hujipanga juu ya gogo lililoanguka na kuteremsha mizizi pande zote mbili hadi ifike ardhini. Gogo likiisha kuoza, unaikuta miti mikubwa imesimama mstari mmoja kama wanafunzi kwenye paredi, na hakuna mtu aliyeipanda.

Si hayo tu. Mti uliokufa ukiwa bado umesimama hutobolewa na kigogota, na katika mashimo hayo kindi hupata nyumba. Kindi huyo hula uyoga unaoota chini ya ardhi, kisha husambaza vijimbegu vyake msituni kupitia kinyesi. Uyoga nao hushikana na mizizi ya miti na kuisaidia kunyonya maji na rutuba. Halafu usiku unapoingia, bundi mwenye madoa humla kindi. Ondoa mti mkavu ukidhani unasafisha, na utakuwa umewagusa wote hao.

Wenye msitu wao pia walikosea. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita, wataalamu waliamini kwamba magogo yaliyoanguka mitoni yanawazuia samaki aina ya samoni wanaorudi kutoka baharini kutaga mayai. Basi magogo yakaondolewa, mito ikawa safi. Kumbe magogo hayo ndiyo yaliyofanya vidimbwi vya samaki wachanga kujificha, na ndiyo yaliyozuia changarawe ambamo mayai hutagwa isisombwe na maji! Leo watu wanalipwa kuyarudisha magogo mtoni kwa mashine. Mdharau mwiba guu huota tende.

Mtaalamu Mark Harmon alinifundisha subira. Mwaka wa 1985, katika msitu wa utafiti wa H. J. Andrews huko Oregon, alianzisha utafiti wa jinsi magogo yanavyooza. Umepangwa kuchukua miaka 200! Alijua fika kwamba hatauona mwisho wake, lakini aliuanzisha. Na sisi tunataka msitu utupe jibu kabla ya kengele kulia.

Najua wapo watakaoniuliza, "Je, watu wale magogo?" Swali hilo si la kupuuzwa. Mwaka wa 1990 yule bundi aliwekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini huko Marekani, na mwaka wa 1994 mpango wa serikali ukapunguza sana ukataji katika misitu ya umma. Wapasua mbao wengi walipoteza kazi, na mtu aliyekosa karo ya mwanawe hawezi kuambiwa habari za bundi akacheka. Hata hapa kwetu, ilipotangazwa Julai 2023 kwamba marufuku ya kukata miti iliyowekwa mwaka wa 2018 inaondolewa, hoja moja ilikuwa kwamba miti iliyokomaa inaoza msituni huku watu wakikosa mbao.

Msimamo wangu ni huu. Shamba la misonobari lililopandwa ili likatwe, na likatwe, kisha lipandwe tena. Hilo ni shamba kama la mahindi. Lakini msitu wa asili tusiupimie kwa mizani ya duka la mbao. Huko, kuoza si hasara, bali ni kazi inayoendelea.

Wahenga walisema akiba haiozi. Laiti wangefika Oregon, labda wangeongeza kwamba ipo akiba ambayo faida yake ni kule kuoza kwenyewe.

Kwa hivyo mwanafunzi mwenzangu, ukiulizwa tena faida za msitu ule, andika mbao na karatasi, maana mtihani ni mtihani. Kisha ongeza mstari mmoja kuhusu gogo. Mimi nitauandika. Nikikatwa alama, nitamfuata mwalimu hadi afisini tuongee, na nitakwenda na nakala ya gazeti hili mkononi.