Videge vya rimoti: kagueni jairo kabla ya kurusha

Nina neno kwa vijana wenzangu wa Kayanga na Nkwenda wanaounda videge vya rimoti. Jairo hupima kasi ya kugeuka, si kiasi cha kuinama; ikitegemewa peke yake, makosa hujilimbikiza. Iunganisheni na kihisi cha mchapuko. Chipu ya MPU-6050 inavyo vyote viwili. Sevo, mota ndogo inayosogeza vibawa, husubiri mpigo wa milisekunde 1 hadi 2, na 1.5 ndiyo katikati. Ipeni umeme wake, msiutoe kwenye bodi ya Arduino. Kabla ya kurusha, inamisheni kidege kulia kwa mkono: kibawa cha nyuma ya bawa la kulia lazima kishuke ili kuliinua bawa hilo. Kikipanda, geuzeni mwelekeo wa jairo. Kwa upepo wa vilima vyetu, kosa hilo huangusha kidege papo hapo.