Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi, TANAPA: Watoto wa Unguja wanaokwenda kulala hemani

Mheshimiwa Kamishna,



Nakuandikia kutoka Mlandege, mjini Unguja, kwa niaba yangu na ya wazazi wanaonikabidhi watoto wao shule zinapofungwa. Vijana wetu wanatamani kuziona hifadhi za bara, na nyinyi wenyewe mmekuwa mkituhimiza Watanzania tutalii nchi yetu. Hoteli za porini hatuziwezi. Njia yetu ni hema katika kambi za umma, kama zile za Seronera na Mikumi. Ninaomba jambo moja: maelekezo ya usalama kambini yaandikwe kwa Kiswahili, yamlenge mtoto wa kisiwani, na yamfikie kabla hajapanda boti Malindi. Akishafika getini, basi limejaa na kila mtu anachungulia dirishani, hakuna anayesikiliza.

Mtoto wa Unguja hajakua na mnyama wa kumtisha. Chui wetu alisakwa kwa kampeni kubwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa kuwa watu waliamini wachawi wanamfuga na kumtuma, na kwa muda mrefu wataalamu wamemhesabu kuwa ametoweka. Mnyama pori anayemjua mtoto huyu ni kima punju wa Jozani, anayekula majani karibu na mgeni bila wasiwasi. Aliyezoea hivyo akimkuta nyani ameketi kando ya hema, atamwendea na andazi mkononi, na hapo ndipo balaa linapoanza.

Wamarekani walijifunza hili kwa msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1967, katika hifadhi ya Glacier, wasichana wawili waliokuwa wamepiga kambi sehemu mbili tofauti waliuawa na dubu wawili tofauti. Dubu wa eneo lile walikuwa wamezoea kula takataka na mabaki ya chakula cha watu. Baada ya hapo hifadhi za nchi ile zilikaza kamba: majalala yakafungwa, na leo katika kambi zao nyingi chakula hufungiwa kwenye masanduku ya chuma, hakilali hemani. Sisi hatuna dubu, lakini fisi na nyani nao huzoea. Na chakula cha watoto wetu kina harufu: samaki wa kukaanga, ng'onda, visheti vilivyofungwa na mama kwenye mkoba. Mama huyo anafaa kuambiwa mapema kwamba mkoba ule haulali na mwanawe.

Lakini linaloninyima usingizi zaidi ni alfajiri. Maelekezo mengi ya kambi humtazamia mgeni atakayelala mpaka kuche. Watoto wetu huamka saa kumi na moja, giza bado lipo, wakafungua zipu na kwenda bombani kutia udhu. Hiyo ni saa ambayo simba na fisi bado wanatembea, na maji ndiyo yanayowavuta wanyama. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, haiko chini yako, lakini unajua vizuri jinsi tembo wanavyokuja pale kunywa kwenye matangi ya maji. Sasa fikiria mtoto wa miaka 13, kopo mkononi na macho yana usingizi, anatembea peke yake kuelekea bombani.

Dawa yake ni nyepesi, na haimgusi mtu imani yake. Maji ya udhu yachotwe jioni na yawekwe mlangoni mwa hema, ndani. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wameeleza zamani kwamba anayehofia mnyama mkali kati yake na maji anaruhusiwa kutayamamu. Jambo hili likiandikwa pamoja na Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, hakuna mzazi wala mtoto atakayeona ametakiwa kupunguza dini yake porini.

Lipo pia suala la mwezi. Watafiti walihesabu kwamba kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini, wengi wao kusini, Lindi na Rufiji. Miongoni mwao walikuwamo wakulima waliolala madunguni kulinda mazao yao dhidi ya nguruwe pori. Yaani watu waliolala nje, nyuma ya ukuta mwembamba, kama atakavyolala mwanafunzi wangu. Baadaye ikaonekana kwamba mashambulizi huzidi siku chache baada ya mwezi mpevu, pale mwezi unapochelewa kuchomoza na saa za mwanzo za usiku zinabaki giza. Watoto wa pwani wanaujua mwezi kwa bamvua na maji mafu. Wakielezwa hivyo hawatasahau, na mwalimu atajua siku zipi waingie hemani mapema.

Siombi uzio. Kijana anayelala pasipo uzio anajifunza heshima ambayo darasani haipatikani, na ningependa kambi zibaki hivyo. Ninachoomba ni karatasi moja yenye maneno machache na michoro: hema lifungwe zipu usiku kucha, asitoke mtu peke yake wala bila tochi, anayekutana na mnyama asikimbie, na haja ya usiku ifanywe vipi, kwa maana watoto wa kike huona haya kuuliza. Pia, kundi la wanafunzi linapolala kambini, askari wa uhifadhi awape nusu saa ya maelezo kabla ya magharibi.

Mimi na walimu wenzangu tuko tayari kuipitia rasimu na kuisoma mbele ya watoto, mkarekebishe pale watakapokwama. Likizo ndefu ni Desemba. Karatasi ikitufikia mwishoni mwa Oktoba, tutaisomesha mashuleni na kwenye vyuo vya Kurani, na nakala tutawapa wazazi siku ya kulipa nauli.

Wako mtiifu,

Mwalimu na mlezi wa vijana,
Mlandege, Unguja