Kasongo na Kabambare: Sayansi ya kunakili ubaoni haitoshi

Katika shule nyingi za kusini mwa jimbo la Maniema, mwanafunzi anaweza kumaliza sekondari akiwa amechora darubini katika daftari lake, bila kuigusa hata mara moja. Kila mazungumzo juu ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, pamoja na STEAM inayoongeza sanaa, yangepaswa kuanzia hapo.

Kwenye karatasi, Kongo imekwisha kuanza. Mageuzi ya masomo yameweka hesabu, fizikia, sayansi ya viumbe na teknolojia ya habari katika uwanja mmoja wa sayansi, kuanzia darasa la saba na la nane. Programu hiyo inataka mwanafunzi aanze na jambo analolijua katika maisha yake, apime, ajaribu, ndipo atoe jibu. Lakini pale ambapo mwalimu ana chaki na ubao tu, somo la kompyuta linafundishwa bila kompyuta, na jaribio la kemia linakuwa imla.

Elimu ya bure katika shule za msingi, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, ilifungulia watoto wengi mlango. Hata hivyo, kwenye sekondari wazazi bado wanachanga, na nchini kote kuna walimu ambao serikali haijawaingiza kwenye orodha ya mishahara. Mwalimu anayelazimika kwenda shambani ili watoto wake wale hana muda wa kutayarisha majaribio. Kumpa programu mpya bila mshahara ni kumtwika mzigo bila kata.

Huko Kabambare jambo hili ni la afya pia. Eneo hilo ni la dhahabu. Duniani, wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kushika dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake ni sumu inayoharibu ubongo na mafigo. Mtoto anayekua karibu na mashimo ya dhahabu anahitaji kujua hayo kabla ya kuingia shimoni. Kwake, kemia ni kinga.

Pesa zitoke wapi? Sheria ya madini ya mwaka 2018 inajibu kwa sehemu. Inatoa asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo na asilimia 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo. Tena inadai kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Mgodi wa Namoya, katika Kabambare, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na kazi zake zilisimama mwaka 2019 kwa sababu ya usalama mdogo. Mgodi ukizalisha, wakaaji wana haki ya kuuliza ni shule ngapi zimepata chumba cha majaribio na paneli za jua. Mgodi ukisimama, serikali haiachiliwi jukumu lake.

Wapo wanaosema tungoje kwanza barabara na umeme. Kungoja huko kutapoteza kizazi kingine. Mpunga wa Kasongo unaweza kupimwa unyevu kabla ya kukobolewa. Mawese yanafundisha kutengeneza sabuni, na mto Lualaba unafundisha mwendo na nguvu za maji. Mhunzi na seremala wakialikwa darasani, sanaa na uhandisi vitakaa pamoja bila semina ya hoteli.

Hata hivyo, ubunifu wa mwalimu usiwe kisingizio cha viongozi kukaa mikono mitupu. Kamati za wazazi, wasimamizi wa shule za serikali, za makanisa na za Waislamu, pamoja na vyuo vikuu vya jimbo, wakutane kabla ya mwaka wa shule kuanza na kuandika orodha fupi: walimu gani wafundishwe upya, vifaa gani vinunuliwe, nani analipa. Orodha hiyo ibandikwe mlangoni mwa kila shule, ili mzazi anayechanga aisome.