Mutu wa Kuhesabu Umeme

Vijana wenye diploma ya Leta wanatuuliza kila mara: inje ya migodi, kazi iko wapi? Leo tuzungumze juu ya kazi moja ambayo wengi hawajaisikia, ile ya analisti katika biro ya washauri wa umeme wa jua na wa maji.

Tangu 1982 umeme wa Inga unapita kilometa karibu 1,700 mpaka Kolwezi kwa ajili ya viwanda vya shaba, na chini ya nyuzi zile vijiji vingi vinakaa gizani. Sheria ya Juni 2014 ilifungua mulango: SNEL haiko tena peke yake. Mwaka wa 2018 Manono, mashariki ya Kabongo, ilipata kituo cha jua cha megawati 1 pamoja na betri zake.

Mbele ya kununua vibao, lazima mutu ahesabu. Tuchukue mufano. Nyumba yenye taa tatu, radio na telefone inaweza kutumia wati-saa 125 kwa siku. Mashini moja ya kusaga mihogo, ya kilowati 7.5, ikizunguka saa ine, inakula 30,000. Ni sawa na nyumba 240! Lakini mashini inasaga muchana, jua likiwaka, na taa zinadai betri, ambazo bei yake ni kali. Asiyeuliza saa za kusaga ameharibu hesabu yote.

Tena kuna feza. Ukimwuliza mama wa soko petroli na mabetri vinamumalizia franka ngapi kwa juma, pengine ataongeza kwa haya, pengine atapunguza kwa kuogopa kodi. Basi uende dukani, uulize wanauza mangapi.

Jaribu kubwa linakuja kwenye biro. Mukubwa anataka mkopo upite, anasema: ongeza nyumba 200. Kijana akikubali, kituo kitakuwa kikubwa kupita watu, deni lile lile litalipwa na nyumba chache, bei itapanda, na mama atarudia taa ya petroli. Akikataa, pengine atapoteza kazi. Wazazi, muzungumze jambo hili na watoto kabla hawajatia sahihi.

Masomo yanayotakiwa ni hesabu, uchumi au ufundi wa umeme, na kompyuta. Biro ziko Kinshasa, Lubumbashi, hata Nairobi. Lakini mama wa soko la Kabongo anajibu vizuri zaidi kwa Kiluba, na hapo mutoto wa hapa anawashinda wageni.