Mpenzi Wako Yuko CRB? Usikimbie, Kaeni Chini Mpige Hesabu

Kuna posti imezunguka wiki hii yote: "Kabla upeleke ng'ombe, itisha cheti cha CRB. Ukipata amechomwa, kimbia." Watu wa Suna mmeisambaza kama habari ya matanga. Komenti zote ni vicheko. Mimi sikucheka. Leo nasema kwa nini, na kama ni matusi, ngojeni mkimaliza kusoma.

Nusu ya kwanza nakubali. Itisha. Sheria inakupa ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, na kampuni zenye leseni zinajulikana: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Mtu anayetaka mjenge pamoja lakini hataki uone ripoti yake, huyo muulize maswali.

Nusu ya pili ndiyo inaniudhi. Wacha niwape mfano wa kwetu.

Dada yangu ni mwalimu. Mume wake ana duka la hadiweya hapa Migori mjini. Mwaka jana waliona nyumba ya vyumba vitatu upande wa Oruba, bei milioni 3. Walikuwa na laki tano mkononi. Hiyo milioni 2.5 iliyobaki wakaenda kuomba mkopo wa nyumba, ule wa riba nafuu wa KMRC. Kama hujui, KMRC haikukopeshi wewe moja kwa moja. Inapatia benki na sacco pesa za bei ya chini, ndiyo nazo zikukopeshe kwa riba isiyofika asilimia 10. Milioni 2.5 kwa asilimia 9.5, miaka 20, unalipa kama 23,300 kwa mwezi. Pesa hizo hizo kwa asilimia 14.5 ni kama 32,000. Tofauti hiyo ni karo ya mtoto.

Wakakataliwa. Shemeji yuko CRB. Deni la apu ya simu, elfu sita za mwaka wa 2022, zilizozaa mpaka zikafika kumi na moja.

Sasa sikizeni vizuri. Hizo elfu sita zilikuwa zangu. Nilikuwa mwaka wa pili chuo, mwenye nyumba ameweka kufuli kwa mlango wangu, nikampigia shemeji usiku. Hakuwa na kitu. Akakopa kwa simu, akanitumia pamoja na za kutolea. Nilimwambia nitarudisha mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, chuo nacho kikaniisha, na sikurudisha. Hakuwahi kuniuliza. Baadaye akapoteza ile laini, akachukua ingine, akasahau. Sheria inasema anayekudai akupe notisi ya siku 30 kabla akupeleke CRB. Kama notisi ilitumwa, ilienda kwa simu iliyopotea.

Kwa hivyo ukiniambia kila aliye CRB ni mtu wa hovyo, unamtukana mwanaume aliyenitoa nje usiku. Ripoti inaonyesha deni ni ngapi na limechelewa siku ngapi. Haionyeshi pesa ilikula nini.

Na mtawakimbia wangapi? Novemba 2022, Benki Kuu ilipotangaza mpango wa kusafisha majina, ilihesabu watu kama milioni 4.2 waliochomwa kwa mikopo ya simu. Benki ziliambiwa zipunguze angalau nusu ya deni, na mpango ukaenda mpaka mwisho wa Mei 2023. Milioni 4.2! Hao ni wapangaji wenzako, ni fundi wako, pengine ni mama yako. Ukiwakimbia wote utaoa nani, twiga wa Ruma?

Haya, tuje kwa kundi la pili, wale wanajiita wajanja. Hawa hawasemi kimbia. Wanasema: "Rahisi tu, omba mkopo kwa jina la aliye safi." Hata dada aliambiwa hivyo. Ni sawa, inawezekana. Lakini pigeni hesabu kwanza.

Mkopo ukiwa wa mtu mmoja, mapato ya yule mwingine mara nyingi hayahesabiwi. Dada anapata 48,000. Sheria ya ajira inasema makato yote yasipite thuluthi mbili za mshahara, yaani lazima abaki na 16,000. Ondoa makato ya serikali na mkopo wa sacco, kama 14,000. Inabaki 18,000 ya kulipia nyumba. Hiyo 18,000 inabeba mkopo wa kama milioni 1.9. Nyumba inataka 2.5. Pengo la laki sita, na duka zima la hadiweya liko hapo linauza misumari kila siku, lakini kwa hiyo karatasi ni kama halipo.

Halafu kuna ile sehemu wajanja hawaelezi. Benki haitaki jina la shemeji kwenye mkopo, lakini inataka sahihi yake. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako. Kwa hivyo hana jina kwenye hati, analipa kila mwezi chini ya maji, na ametia sahihi kwamba nyumba ikishindikana ipigwe mnada. Kosa la 6,000 limemgeuza mpangaji kwa nyumba anayoilipia.

Na mkiachana? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaanza kwa kusema mali iliyonunuliwa ndoa ikiwepo kwa jina la mmoja, huyo anaishikia mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sawa. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Kila mtu anaonyesha alichochangia. Kazi ya nyumbani na kulea watoto inahesabiwa kama mchango. Lakini wewe uliyekuwa unatoa pesa taslimu kila tarehe tano, utaonyesha nini?

Najua shida ingine, na hii ni yetu wanaume na wanawake wa huku. Mjaluo anaingia dala mpya na jogoo na shoka, kijana wake wa kwanza akiwa kando yake. Hakuna aliyefunzwa kuingia na hati ya jina la bibi. Shemeji alinuna wiki mbili. Namwelewa. Lakini aibu hiyo ndiyo inafanya watu wafiche deni mpaka siku ya benki, na siku ya benki ni kuchelewa.

Cha kuudhi zaidi, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 inamkata dada asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi. Hata aliye CRB akiandikwa kazi anakatwa. Siku ya kukata hakuna anayekuuliza cheti.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Onyeshaneni ripoti kabla mtafute nyumba, si baada ya kutoa dipoziti. Deni lilipwe, na cheti kichukuliwe, mkijua kumbukumbu ya kuchelewa inaweza kukaa miaka mingine 5. Kama ripoti ina makosa, yapinge kwa maandishi. Kama lazima iwe jina moja, nendeni kwa wakili muandike nani anatoa ngapi, na pesa ipitie simu ama benki, isipitie mkononi. Na laini yako usimpe mtu akopee, hata kama ni ndugu.

Ile elfu kumi na moja nimeilipa mimi, na pesa za video hizi hizi mnazotazama. Haijarudisha nyumba. Ya Oruba iliuzwa, na dada bado anapanga Nyasare.

Ukimpata wako yuko CRB, kabla ufunge mizigo muulize kitu kimoja: hiyo pesa ilikuwa ya nani?