Mwenyeji Asiwe Mgeni wa Saadani

Kila mwezi wa Juni unapokaribia na shule zikajiandaa kufunga, mazungumzo ya walimu na watumishi wa umma hugeukia likizo. Mmoja atakwenda kwao kuangalia shamba, mwingine ataendeleza nyumba aliyoianza, wa tatu atauguza mzee wake. Hayo ni mambo ya lazima, wala hapana wa kuyabeza. Lakini ni nadra mno kumsikia mtumishi akisema kwamba, katika siku zake 28 za likizo, ametenga mbili tu kwenda kuitazama hifadhi ya taifa.

Kiwangwa, mkoani Pwani, ni mfano ulio wazi. Hapo, kando ya barabara ya lami itokayo Bagamoyo kwenda Msata, mananasi hupakiwa magarini kupelekwa Dar es Salaam. Kaskazini yake, mwendo usiozidi asubuhi moja kwa gari, iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Humo nyika ya tembo, twiga na simba hukoma kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Mto Wami una viboko na mamba. Ufukwe wa Madete hutagwa mayai na kasa. Na msitu wa Zaraninge ni sehemu ya hifadhi hiyo. Kijiji cha Saadani chenyewe ndicho kilichokuwa ngome ya Bwana Heri, aliyepambana na Wajerumani hadi mwaka 1890.

Wageni huvuka bahari kuja kuyaona hayo. Mwalimu aliye jirani nayo humchora tembo ubaoni bila kupata kumwona. Chanzo kimoja ni kasumba iliyorithiwa kwa mkoloni, kwamba mbuga ni starehe ya Mzungu mwenye kamera. Kasumba hiyo haina msingi. Mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, na kiasi chake ni kidogo sana kuliko anachotozwa mgeni.

Ni kweli kwamba usafiri ni ghali, na mshahara wa mwalimu unajulikana. Hapo ndipo mipango na ushirikiano vinapohitajika. Watumishi kumi na watano wa kata moja wakianza kuchanga kidogo kidogo tangu Januari, wataweza kukodi gari moja na kugawana gharama. Inafaa wawasiliane mapema na ofisi ya hifadhi kuhusu viingilio na malazi. Tena wasiende wakati wa masika, kwani udongo mweusi wa Saadani hunasa magari; kuanzia Juni ardhi hukauka, na likizo ya shule imewadia. Akiba haiozi.

Wenye dhamana nao wana wajibu wao. Viwango vya viingilio vibandikwe kwa Kiswahili katika shule na ofisi, na siku za sikukuu pawepo basi la wananchi kutoka Bagamoyo na Chalinze. Haitoshi kumhimiza mtu aende mahali asipokuwa na njia ya kufika.

Jambo hili si la starehe tu. Mwaka 1961, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba uhai wa wanyamapori ni dhamana iliyo mikononi mwa Waafrika wenyewe. Dhamana hailindwi na mtu asiyeijua. Mtoto wa mkulima ambaye hajapata kumwona tembo ila usiku ule alipovamia shamba la babake, hawezi kulaumiwa akikua na chuki naye. Mwalimu aliyemwona tembo huyo akinywa maji kwa utulivu, pamoja na wanawe, ndiye atakayeweza kumweleza mtoto upande wa pili wa habari hiyo.

Basi daftari la mipango ya likizo lifunguliwe mapema, na Saadani iandikwe humo.