Photoshop ya 'Maisha Yote' kwa 1,500? Buda, Hapo Umeuziwa Hewa

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na kila mtu anayejua kushika mausi huko Nyamira ameshaanza kupiga hesabu. MCA mtarajiwa anataka bango. Mama wa kiti cha Woman Rep anataka kalenda, na sura iwe imenyooshwa kidogo. Yule jamaa wa bunge naye anataka video ya dakika moja, droni ikipita juu ya majani chai. Hata kabla siasa ishike moto, kazi ya kila wiki iko: vitabu vya matanga, kadi za harambee, picha za harusi, mabango ya krusedi. Na vyote vinatakikana kufikia Alhamisi, kwa sababu mazishi ni Ijumaa.

Sasa wewe mwenye laptopu ya ex-UK, hiyo kazi yote unaifanya na programu gani, na uliitoa wapi?

Usijibu, tunajua. BSA, ule muungano wa makampuni ya programu, ulisema kwamba mwaka wa 2017 asilimia 74 ya programu zilizokuwa kwenye kompyuta za Kenya hazikuwa na leseni. BSA ni watu wa kutetea makampuni, kwa hivyo pokea hiyo namba na chumvi kidogo, lakini ingia saiba yoyote uniambie kama wanadanganya sana. CorelDRAW iliwekwa na nani? Na flashi ya nani?

Story ya kraki ni ya zamani. Kinachosumbua siku hizi ni huyu msee wa Telegram na Facebook anayejiita muuzaji halali. Ana logo, ana picha za wateja wenye furaha, na anakwambia Photoshop mpya kabisa, ya maisha yote, ni 1,500 tu, tuma kwa namba hii. Unaona hiyo ni diskaunti. Unaona hata umeokoka, si umelipa?

Skia. Adobe walitangaza mwaka wa 2013 kwamba wameacha kutengeneza Photoshop ya kununua mara moja ukae nayo. Ile ya mwisho ilikuwa CS6, ya 2012. Tangu hapo ni kukodi: unalipa, unatumia, ukiacha kulipa inafungwa. Kwa hivyo mtu akikuuzia Photoshop mpya ya maisha yote anakuuzia kitu ambacho mwenyewe hatengenezi. Anachokupa ni mojawapo ya mambo machache. Pengine ni kraki iliyovalishwa suti. Pengine ni nafasi kwenye akaunti ya chuo au kampuni fulani ng'ambo, ambayo mtu wa ndani anaiuza kichinichini, na siku wakihesabu watu wao wewe unatupwa nje pamoja na faili zako za mtandaoni. Au ni akaunti imeibwa, na mwenyewe bado anailipia bila kujua.

Bango la mheshimiwa linapotea Jumatano usiku. Utampigia nani? Yule wa Telegram ameshabadilisha jina.

Na kraki yenyewe si bure vile unafikiria. Mwezi Mei 2025 Microsoft walisema wamepata kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows duniani zikiwa na kidudu kinaitwa Lumma, ndani ya miezi miwili tu. Kazi ya Lumma ni kuiba paswadi zilizohifadhiwa kwenye brauza, na njia moja ambayo wezi wameitumia kuisambaza ni kuiweka ndani ya programu za kraki. Wewe dizaina, fikiria ni nini kiko kwenye brauza yako. Imeli yako, ukurasa wa Facebook wa kanisa, ukurasa wa mgombea, akaunti ya mteja aliyekuamini. Ukurasa wa mgombea ukianza kuuza viatu wiki ya kampeni, mtu wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaweka programu za kompyuta kundi moja na kazi za maandishi, kama vitabu, na KECOBO ndio wasimamizi. Hapa niwachokoze maprodyuza kidogo: mnalia kila siku kwamba ngoma zenu zinapakuliwa bila malipo, na biti yenyewe mmeichapa na FL Studio ya kuiba. Manze!

Sasa tuingie kwa diskaunti za ukweli, kwa sababu ziko, na nyingine ni noma sana. Ila kila moja ina masharti, na shida ya vijana wengi ni kuangalia namba kubwa na kuruka yale maandishi madogo.

Chukua ile ya wanafunzi. Adobe wanapunguza bei kwa zaidi ya nusu kwa mwanafunzi au mwalimu. Kama uko Kisii University au Kisii National Polytechnic, unahitaji imeli ya shule au karatasi ya kuonyesha umesajiliwa. Ni halali kabisa. Lakini ile bei tamu ni ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili inapanda yenyewe, hakuna mtu atakupigia simu kukuuliza, kwa hivyo andika ile tarehe mahali. Na kama ulimaliza shule 2021, usikope kitambulisho cha binamu yako. Hiyo sasa ni uongo, si diskaunti.

Kuna pia zile za msimu. Mwezi Novemba, wakati wa Black Friday, karibu kila kampuni inashusha. Humble Bundle nao huuza vifurushi vya programu za video kama VEGAS kwa bei ya kutupa, mara nyingi ikiwa si toleo la mwisho kabisa. Kwa video ya harusi, toleo la mwaka uliopita linakukosesha nini?

Lakini mahali watu wanaumia kimyakimya ni kwa mkataba wa mwaka. Tuseme unataka Photoshop peke yake. Bei ya Marekani ni dola 22.99 kwa mwezi. Dola ikiwa 129, hiyo ni kama 2,970. Ongeza VAT ya asilimia 16, kwa sababu Kenya inatoza hata huduma za mtandaoni za kutoka nje, unafika karibu 3,440. Unasema sawa, mwezi mmoja nitajipanga. Wapi! Hiyo bei ni ya mtu aliyekubali kukaa mwaka mzima, anailipa tu kwa vipande. Una siku 14 za kubadilisha mawazo ukarudishiwa doh yote. Ukitoka baada ya hapo, wanakudai nusu ya miezi iliyobaki.

Si uvumi. Juni 2024 serikali ya Marekani iliwashtaki Adobe, ikisema wanaficha hiyo faini ya kutoka na kufanya kujiondoa kuwe kazi ngumu. Kama Wamarekani wenyewe wanalia, wewe unayesoma mkataba kwa simu usiku, bundles zikikaribia kuisha, utaona nini?

Sasa weka hiyo hesabu juu ya maisha ya Ikonge. Kazi hapa haiji sawasawa kila mwezi. Desemba watu wa Nairobi wanarudi, harusi na matanga zinajaa. Bonasi ya chai ikiingia Oktoba, watu wanaagiza vitu, na mwaka wa 2025 mnakumbuka vile wakulima wa Kisii na Nyamira walilalamika ilivyoshuka, hadi maandamano yakawa. Mwezi kama Februari unaweza kukaa na laptopu ukicheza karata. Mtu mwenye kazi ya misimu akifunga mkataba wa mwaka, anamlipia Adobe miezi ya njaa.

Kuna mpango mwingine ambao hawaupigii kelele: mwezi kwa mwezi, unatoka ukitaka. Photoshop hiyohiyo ni dola 34.49 huko Marekani, kama 5,160 ukiweka VAT. Inaonekana ghali. Lakini tuseme unaihitaji miezi 4 ya kampeni, Mei hadi Agosti. Mwezi kwa mwezi utatumia karibu 20,600. Ukifunga mwaka halafu utoke baada ya miezi 4, umelipa 13,760, kisha faini ya 13,760 nyingine, jumla 27,520. Ile ya "bei nafuu" imekuuma karibu 7,000 zaidi. Mizani inakaa sawa ukifika mwezi wa 6. Chini ya hapo, mwezi kwa mwezi ndio mambo. Bei zitasonga kufikia 2027, kwa hivyo rudia hesabu na namba za siku hiyo, lakini njia ya kupiga ni hiyohiyo.

Kulipa siku hizi si shida. M-Pesa GlobalPay, ile kadi ya Visa ya ndani ya simu ambayo Safaricom walileta Juni 2022, inafanya kazi. Utaipata kwa app ya M-Pesa au *334#. Usijidanganye tu kwamba ukiiacha bila pesa deni linaisha. Programu inafungwa, na mkataba ulikubali wewe mwenyewe.

Na ile ya mbogi kuchanga pesa mnunue moja mtumie watatu? Leseni ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja. Adobe wanakuruhusu kuwa umeingia kwenye kompyuta mbili, lakini anayetumia ni wewe, moja kwa wakati. Saiba yenye mafundi watatu inahitaji leseni ya timu.

Lakini mimi naona swali lenye maana liko nyuma ya haya yote: hiyo Photoshop unaihitaji kweli? Canva walinunua Affinity mwaka wa 2024, na tarehe 30 Oktoba 2025 wakaifanya bure. Si ya majaribio, ni bure: picha, michoro na kupanga kurasa ndani ya programu moja. Unafungua akaunti ya Canva, unapakua. Vile vya akili mnemba ndivyo vinataka Canva ya kulipia. Kitabu cha matanga cha kurasa 16 hakihitaji akili mnemba, kinahitaji majina ya watoto wa marehemu yawe sawa.

Wa video, DaVinci Resolve ya bure inatoa video hadi 4K. Ile kubwa, Studio, ni dola 295, kama 38,000 kabla ya kodi, unalipa mara moja. Tatizo lake ni mashine. Laptopu ya RAM ya GB 4 itakuangalia tu na kupuliza feni. Wa muziki, FL Studio unanunua mara moja na unapata matoleo mapya bila kuongeza hata shilingi. Ya majaribio haina mwisho, ila ukihifadhi kazi huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Kama mashine yako ni dhaifu kabisa, kuna Photopea, inafungukia kwenye brauza na inasoma faili za Photoshop.

Kuna mahali moja hii hadithi ya bure inagonga ukuta. Mchapishaji wa mabango anaweza kukwambia lete CDR, yaani faili ya CorelDRAW, na Affinity haifungui CDR. Kabla hujakimbilia flashi ya mtu, muulize kama anakubali PDF. Wengi wanakubali, CDR ni mazoea tu. Akikataa, muulize jirani yake.

Na ikiwa mteja mwenyewe anasisitiza lazima iwe Photoshop, ile 5,160 ya mwezi iandike kwa bei ya kazi, mstari wake peke yake, na uichukue pamoja na deposti kabla hujawasha mashine. Hasa kama mteja ni mgombea. Kura zikishahesabiwa na ameanguka, hizo simu hazishikwi.